Daraja la Mtendaji

Nilifika Bondeni katika mwaka ambao ulikuwa bado haujateremshwa. Kule miaka haikuhesabiwa kwa mvua wala kwa mavuno. Ililetwa kwa waraka kutoka Makao Makuu, na waraka usipofika watu waliendelea kuishi katika mwaka uleule, wakizaa, wakizika, wakipalilia migomba, bila siku zao kuandikwa popote. Mwaka wa Waraka wa Tatu ulichukua masika manne. Mwaka wa Waraka wa Nne ulikwisha kabla mahindi hayajabeba. Mimi nilikuja na Waraka wa Tano mkobani, kwa hiyo naweza kusema kwamba mwaka ule niliuleta mimi.

Waraka wenyewe ulikuwa wa ukurasa mmoja. Ulisema hakuna mtu atakayeshika kazi ya Mtendaji bila cheti cha kidato cha nne na mafunzo ya utawala juu yake. Asiye navyo ajihesabu ameondoka. Neno lilikuwa hilohilo: ajihesabu. Hawakumfukuza mtu. Walimwachia ajifukuze mwenyewe kwa hesabu aliyofundishwa darasa la saba.

Jina langu ni Ambakisye. Nilikuwa na shahada ya utawala, viatu vya ngozi, na imani kwamba watu wa Bondeni walikuwa wananisubiri.

Aliyekuwa ananisubiri ni mmoja, na alinisubiri ili aondoke. Bi Tulinagwe alikuwa Mtendaji tangu Waraka wa Kwanza, na wengine walisema tangu kabla ya nyaraka, enzi ambazo miaka ilijiendea yenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, mwenye mabuti ya mpira yaliyopasuka kisigino na kitambaa cheupe kichwani. Ofisi ilikuwa ghala la zamani la pareto. Maua hayo ya kuulia wadudu yaliacha kununuliwa miaka mingi iliyopita, lakini harufu yake ilibaki kwenye kuta, na nzi waliingia pale wakaanguka sakafuni bila mtu kuwagusa.

"Karibu, baba," alisema. "Umekula?"

"Nimekuja kupokea ofisi, Mama."

"Ofisi haina miguu, haitakimbia. Umekula?"

Nilikuwa sijala. Alinipeleka kwenye kibanda kilichokuwa ubavuni mwa ghala, kwa Mama Subilaga, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa aliyepika maharage na ndizi kwa wapita njia. Tulipokwisha kula, Bi Tulinagwe alifuta mikono yake kwenye khanga akanitazama.

"Umesomea nini, mwanangu?"

"Utawala."

"Wa nani?"

Nilidhani hakuelewa. Nilimweleza kwamba utawala ni fani, kwamba una nadharia zake, na kwamba si lazima uwe wa mtu fulani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Haya," na akanyanyuka.

Makabidhiano yalikuwa mafupi. Mhuri. Kabati la chuma na ufunguo wake. Daftari la wakazi. Baiskeli isiyokuwa na mnyororo. Nilitia saini kila mstari. Nilipofikiri tumemaliza, alivaa koti lake la mvua akasema kuna kitu kimoja hakikuandikwa, akanitangulia kuteremka hadi mtoni.

Mto ule ulilikata Bonde katikati. Upande huu palikuwa na ofisi, zahanati na soko. Ng'ambo palikuwa na nyumba nyingi zaidi na mashamba yote. Pande hizo mbili ziliunganishwa na daraja la magogo matano yaliyotandikwa mbao. Bi Tulinagwe aliokota fimbo, akavuka, akapiga gogo la tatu upande wa ng'ambo. Liliitika kama mtungi mtupu.

"Limeoza ndani," alisema. "Nje linaonekana zima. Nimewaandikia barua kumi na moja. Wanajibu kwamba barua imepokelewa. Nikiandika tena, wanajibu imepokelewa. Nadhani wakiona mwandiko wa darasa la saba wanaishia kwenye salamu." Aliniangalia, na katika macho yake hapakuwa na kijicho hata chembe. "Wewe una shahada. Wewe watakusoma."

Lugha yetu ina ukatili wake. Daraja ni mbao za kumvusha mtu mto, na daraja ni ngazi ya mtumishi, ile inayoamua atalipwa nini na ataitwa nani. Nimeishi muda mrefu nikijiuliza kwa nini wahenga, waliokuwa na maneno ya kutosha kwa kila aina ya ndizi, walibana vitu hivi viwili ndani ya neno moja. Pengine walijua kwamba siku moja atatokea mtu ambaye atalazimika kuchagua, na walitaka ajikwae hapohapo kwenye neno kabla hajafika mtoni. Mimi sikujikwaa. Nilipita.

* * *

Niliandika barua. Nasema hivyo nisije nikahukumiwa kwa nisilolitenda. Niliandika kurasa tatu, zenye vichwa vya habari na viambatisho. Jibu lilisema imepokelewa.

Wakati huo nilikuwa Kaimu. Kaimu ni mtu aliyekwisha kukaa kwenye kiti ambacho bado hakijakubali kukaliwa. Hana mshahara mpaka athibitishwe, na hathibitishwi mpaka faili lake lifungwe. Masika yakapita, kiangazi kikapita, masika mengine yakaingia, na huko nje ulikuwa bado ni mwaka uleule. Viatu vyangu vya ngozi viliota ukungu. Mama Subilaga alinilisha kila siku. Sikumwomba, naye hakuniuliza neno. Alisogeza sahani tu, akaendelea kuwacheka wateja wake. Siku moja tu alisema, "Kula, baba. Mtu mwenye njaa hasikii shida za watu," na akaniongezea mchuzi.

Nami nikikaa pale kibandani nilikuwa nawaza. Ni nani bwana wangu? Watu wa Bondeni hawakunichagua. Hawawezi kuniondoa. Hawanilipi. Na Makao Makuu, walionichagua na wanaoweza kuniondoa, nao pia hawanilipi, ila wana uwezo wa kuendelea kutonilipa, na huo ndio uwezo mkubwa kuliko wa kulipa. Anayekulipa ukimkosea anakukata mshahara. Asiyekulipa bado, huyo unamtazama usoni mchana kutwa, huku unayemhudumia umempa kisogo. Ndivyo nilivyokaa. Watu wa Bondeni waliingia ofisini wakazungumza na kisogo changu, na taratibu wakaacha kuja. Walikwenda jikoni kwa Bi Tulinagwe. Mgogoro wa mpaka ulikwisha jikoni kwake. Mtoto aliyekosa cheti cha kuzaliwa aliandikiwa maelezo jikoni kwake. Kwangu walikuja kugonga mhuri tu, wakisimama mlangoni kama mtu anayekuja kuazima shoka.

Na waliniita Mtendaji. "Shikamoo, Mtendaji." "Mtendaji, mguu wako wa kushoto umepona?" Sikuwa nimeumia mguu. Aliyeumia mguu ni Bi Tulinagwe, mvua nyingi zilizopita, alipoteleza ghalani. Nilipowaambia hivyo waliguna wakasema, "Mtendaji ni Mtendaji." Baadaye niligundua kwamba nikipanda kilima nachechemea.

* * *

Niliitwa Makao Makuu.

Nilikuwa nimekwenda mara mbili kabla ya hapo. Kila mara Mkurugenzi alikuwa mtu mwingine, mara mwembamba, mara mwenye kitambi, lakini koti lilikuwa lilelile la kijivu, na aliyekuwa ndani yake alikumbuka kila neno nililomwambia mwenziwe. Safari hii alikuwa mtu mwenye sauti nyororo kama ya mganga wa meno.

"Ambakisye," alisema, na nilishtuka kusikia jina langu. "Nina habari njema. Daraja lako liko tayari."

Machozi yalinilengalenga. Nilianza kushukuru. Nilisema kwamba kipindi cha ukaimu kilikuwa kigumu lakini kimenifundisha. Aliniacha niseme.

"La mtoni," alisema. "Limekwisha kutengenezwa."

"Mheshimiwa, nimepita pale juzi. Gogo la tatu limeoza."

"Umelipima?"

"Nimelipiga kwa fimbo."

"Fimbo ni kipimo cha nani, Ambakisye? Ulifundishwa fimbo chuoni?" Alitoa karatasi. Ilikuwa Hati ya Kukamilika kwa Matengenezo, yenye mihuri mitatu tayari na mstari mmoja mtupu. "Kazi ilifanyika, fedha zilitoka, wakubwa walitia saini. Hapa amebaki Mtendaji. Na hati hii isipotimia, faili la mahali pale haliwezi kufungwa. Na ndani ya faili hilo yumo nani?"

"Nimo mimi."

"Umo wewe."

Dirishani palikuwa na mwanga wa saa tano asubuhi, mweupe, usio na huruma. Nilimfikiria Mama Subilaga na sahani zake. Nilijiambia kwamba nikithibitishwa nitakuwa na nguvu, na mwenye nguvu anaweza kulitengeneza daraja lile mara moja tu na kwa kweli. Nilijiambia mengine pia. Mtu hakosi la kujiambia.

"Nisaini jina langu?"

"Cheo. Andika Mtendaji, chora mstari chini. Majina yanakufa na kuhama. Cheo kinabaki."

"Na tarehe?"

"Tarehe tunaweka sisi."

Njiani kurudi, kichwa changu kilisema peke yake.

Ni mstari tu.

Wengine watatu walikwisha kutia mihuri, na wao wana vyeo kunizidi. Kama ni dhambi, waligawana kabla yangu.

Aliyeandika Mtendaji ni Mtendaji. Mimi ni Ambakisye. Ambakisye hakuandika kitu.

Basi Ambakisye alikuwa wapi?

Alikuwa na njaa. Njaa ni mahali pia.

* * *

Nilithibitishwa. Mshahara ulikuja na pamoja nao posho ya madaraka. Nilinunua viatu vipya, na nilimpelekea Mama Subilaga doti ya vitenge. Aliijaribu palepale juu ya nguo zake, akazunguka, akacheka mpaka wateja wakacheka naye.

Kilichoniudhi kilikuwa kimoja. Kila Jumamosi, siku ya soko, mvua ikinyesha, Bi Tulinagwe alisimama kwenye daraja na fimbo yake. Aliwavusha watu mmoja mmoja. Wenye mizigo mizito aliwatua kwanza, mzigo ukavuka peke yake begani mwa kijana mwepesi. Mbuzi na ng'ombe aliwarudisha wakapite kwenye kivuko cha chini, mwendo wa saa nzima. Watu walinung'unika lakini walimtii. Hakuwa na mhuri, hakuwa na cheti, hakulipwa na mtu yeyote. Alikuwa na fimbo na mabuti yaliyopasuka, na Bonde zima lilisimama foleni mbele yake.

Niliona kwamba ananidharau. Leo najua kwamba hakuwa ananifikiria kabisa, na hilo ni gumu kulibeba kuliko dharau. Lakini palikuwa na jambo jingine, na nitalisema. Mkurugenzi alikuwa anakuja kukagua. Mtu anayesimama kwenye daraja kila Jumamosi akivusha watu mmoja mmoja alikuwa ni tangazo lenye miguu kwamba daraja lile halikutengenezwa. Alikuwa anaisuta saini yangu bila hata kujua kwamba ipo.

Nilimwandikia barua yenye kichwa: Kuingilia Majukumu ya Ofisi. Niliipeleka mwenyewe. Alikuwa anamenya ndizi. Aliisoma polepole, midomo ikitembea, kidole chini ya kila mstari, kisha akaikunja vizuri mara mbili.

"Umeandika kwamba sina sifa."

"Waraka ndio unaosema, Mama. Si mimi."

"Sifa za kumwambia mtu apite taratibu?"

"Ikitokea ajali wakati wewe uko pale, sheria itauliza ulisimama kwa mamlaka ya nani."

Aliiweka barua chini ya kopo la chumvi ili isipeperuke. "Barua ya ofisi ni barua ya ofisi," alisema. "Nimeiheshimu maisha yangu yote, sitaanza kuivunja leo. Lakini baba, usilitie kufuli daraja halafu ukaondoka na ufunguo. Ukinitoa mimi, usimame wewe."

"Nitasimama."

"Kila Jumamosi yenye mvua."

"Nitasimama, Mama."

Jumamosi ya kwanza nilisimama. Watu walipita wawili wawili, watatu watatu. Nilipowaambia "mmoja mmoja" walinisalimia. Jumamosi ya pili mvua ilianza alfajiri, na mimi nilikuwa na taarifa ya robo mwaka ya kujaza. Swali la kumi na nne liliuliza: eleza hali ya miundombinu ya kuvukia. Nilikuwa natafuta neno la kuandika pale niliposikia kishindo, kifupi, kama mtu aliyetua mzigo mzito mahali fulani mbali.

Sikutoka mara moja. Naandika hilo pia. Nilimaliza kuandika neno. Niliandika: nzuri.

Halafu nikasikia vilio.

Watu watatu walichukuliwa na mto. Wawili waliokolewa na matete kwenye kona, wamevunjika lakini hai. Wa tatu aliopolewa saa kumi jioni mbali kule chini, na walimtambua kwa kitenge kabla ya kumtambua kwa uso. Mama Subilaga alikuwa anarudi ng'ambo na kapu la ndizi mbivu kichwani.

Mumewe, Lusekelo, alikuja kutoa taarifa ya kifo. Nilimwona akipanda kilima, ameloa, mikono inaning'inia. Nilisimama nikanyoosha koti, nikafungua daftari kwenye ukurasa wa vifo. Alipita mbele ya mlango wangu. Hakugeuza shingo. Aliendelea mpaka kwa Bi Tulinagwe, na baada ya muda mfupi nilimsikia, mwanamume mzima, akilia jikoni mle kama mtoto aliyepotea sokoni.

* * *

Tume ilikuja siku ya tisa, saa nne asubuhi, chini ya anga safi. Mkurugenzi safari hii alikuwa mzee wa heshima mwenye miwani, ndani ya koti la kijivu. Mkutano ulifanyika mbele ya ghala. Mimi nilikaa meza kuu, kushoto kwake, kama mwandishi wa muhtasari.

Lusekelo alikuwa wa kwanza kusimama.

"Sisi hatuna maneno mengi," alisema. "Tunataka kujua aliyefanya hivi ni nani, tumwondoe."

"Ndugu yangu, pole sana," alijibu Mkurugenzi. "Lakini mamlaka ya nidhamu si mkutano huu."

"Basi mkutano huu ni mamlaka ya nini?"

"Ya kupokea taarifa."

Lusekelo aliangalia huku na huku kama mtu aliyeuliza njia akaonyeshwa ukuta, kisha akaketi.

Hati ilisomwa. Daraja lilitengenezwa likakamilika, mwezi wa pili, mwaka wa Waraka wa Nne. Saini: Mtendaji. Mwaka wa Waraka wa Nne nilikuwa chuoni nikisoma nadharia za uwajibikaji.

"Bi Tulinagwe, simama tafadhali," alisema Mkurugenzi. "Saini hii unaifahamu?"

Alipewa karatasi. Aliisoma kama alivyosoma barua yangu, kidole chini ya mstari.

"Si yangu. Mimi nasaini jina langu. Na mwezi huo nilikuwa nawaandikia barua ya tisa kwamba gogo limeoza. Nitaandikaje kwa mkono huu limeoza na kwa mkono huu limekamilika?"

Watu walinong'ona. Mkurugenzi aligeukia kwangu, mpole.

"Mtendaji, wewe ni msomi, na hapa tunahitaji ukweli tu. Katika mwaka wa Waraka wa Nne, aliyeshika kazi ya Mtendaji mahali hapa alikuwa nani?"

Ni swali lililokuwa na jibu moja. Lilikuwa limeandikwa kwenye daftari mbele yangu.

"Alikuwa Bi Tulinagwe," nilisema.

"Na barua anazozitaja, ulikabidhiwa?"

Nakala zilikuwa ndani ya kabati, rafu ya chini, zimefungwa kwa kamba ya mgomba. Nilizikuta wiki mbili baada ya kukabidhiwa ofisi, na nilizisoma zote. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na nilipokaa ulinichoma paja.

"Hazikuwemo katika orodha ya makabidhiano."

Na hazikuwemo. Kila neno nililosema siku ile lilikuwa kweli. Nilichukua kweli mbili nikazifunga pamoja, zikawa uongo mmoja, mzito wa kutosha kumzamisha mtu mzima. Nimesikia wajuzi wakisema kwamba kujibu na kuwajibika ni maneno ya koo mbili tofauti, yamefanana sura tu. Huenda. Najua kwamba siku ile nilijibu kila nilichoulizwa.

Bi Tulinagwe hakupiga kelele. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka uso aliwahi kuuona wapi. Kisha akamwambia askari aliyekuja kumkamata, "Ngoja nikachukue mabuti yangu, huko barabara ni tope." Askari akamngoja. Wanawake walimfuata mpaka njia panda, na hakuna hata mmoja aliyenitukana. Walipita mbele ya meza kuu mmoja mmoja, taratibu, jinsi alivyokuwa akiwavusha.

Alihukumiwa miaka mitatu. Waraka wa Sita ulipotoka, nilipandishwa ngazi.

* * *

Sijui ni baada ya muda gani nilikwenda kumwona. Kwenye kioo nywele zangu zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe juu ya masikio, lakini hilo halithibitishi kitu. Barua kumi na moja zilikuwa mkobani, bado na kamba yake. Njia nzima nilikuwa napanga nitakavyoanza.

Gereza la wanawake lilikuwa na ua mpana uliofagiliwa. Kando ya ukuta, kwenye ndoo iliyopinduliwa, alikuwa amekaa Bi Tulinagwe na ubao magotini. Mbele yake palikuwa na mstari wa wanawake waliovaa sare, kumi au zaidi. Wengine walikuwa na karatasi, wengine na watoto mgongoni. Mwishoni mwa mstari alisimama askari wa kike, kofia mkononi, naye akisubiri zamu. Nilimwambia kwamba mimi ni Mtendaji na nimekuja rasmi. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Mtendaji ni yule pale," alisema. "Panga mstari."

Nikapanga. Jua lilipanda. Nilisikia kila shida iliyokuwa mbele yangu: aliyetaka dada yake ajulishwe kwamba mtoto ameacha kunyonya, aliyehukumiwa kwa jina la mtu mwingine, aliyetaka kujua kama shamba lake linaweza kuuzwa akiwa ndani. Kila mmoja alisikilizwa mpaka mwisho. Kila mmoja aliondoka na kitu kilichoandikwa.

Zamu yangu ilifika. Alikuwa amekonda. Aliinua macho, akanitambua, na uso wake haukubadilika.

"Shida yako nini, baba?"

Nilikuwa na hotuba, na ilinitoroka yote. Nilisema, "Niliyetia saini ni mimi."

"Hilo nalijua. Saini yako ya makabidhiano niliiona mistari yote. Mstari wa chini unaupinda mwishoni." Alingoja. "Nimekuuliza shida yako."

Nilifungua mkoba nikamnyooshea barua. Hakuzipokea.

"Hizo mimi nilikwisha kuziandika," alisema. "Si mimi ninayetakiwa kuzisoma. Unajua zinakokwenda."

Nilijua. Makao Makuu yalikuwa mwendo wa siku moja kutoka pale, na milango ilikuwa wazi mpaka saa tisa. Kifungo chake kilikwisha siku yake, bila kupungua hata siku moja. Naliandika hilo hapa ili msomaji asiendelee kunisubiri nifanye jambo.

Nilisimama pale, mkono umenyooka. Nyuma yangu mstari ulianza kunung'unika. Mwanamke aliyenifuata, binti mdogo mwenye mimba kubwa, alinigusa kiwiko kwa upole.

"Samahani, baba," alisema. "Kama huna shida, tupishe sisi."

Nikampisha. Bi Tulinagwe alikwisha kuchukua karatasi mpya, na alikuwa anamuuliza jina lake kamili.